Mtutu na Bega

Mafundi wa kuwinda tembo wa kusini mwa Tanzania hawakuulizwa wanataka kaliba gani. Walishika kilichowafikia, na kilichowafikia kilikuwa gobori: mtutu mrefu, laini ndani, unaoshindiliwa baruti na risasi ya mviringo kwa mdeki kutoka mdomoni, kwanza wa gumegume, baadaye wa fataki. Mimi nimezaliwa Liwale, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha shabaha askari wa wanyamapori. Mabishano ya kaliba gani yafaa kwa mnyama gani nimeyasikia kambini, ghala la silaha, na ndani ya gari lililokwama matopeni. Karibu kila mbishi huanza na mnyama: uzito wake, ngozi yake, mfupa wake. Mimi huanza na sheria na bega, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vilivyoamua zaidi nani alibeba nini katika nchi hizi.

Katika miaka ya 1880 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha haraka haraka, na zile zilizoachwa zilitafuta wanunuzi. Unguja ilikuwa soko lao mojawapo. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilipanda bara pamoja na misafara ya pembe, kupitia Kilwa na Bagamoyo, Tabora na Ujiji, hadi Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyingi zilikuwa kuukuu. Lakini miongoni mwake zilianza kuonekana zile za kujazwa kwa nyuma, zenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, na hizo ndizo zilizowatia wasiwasi watu waliokuwa wakijiandaa kuigawa Afrika.

Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Jina lake lilikuwa la kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu hiyo sina ugomvi nayo. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na vifungu vya silaha: katika eneo lote kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa zisiuzwe kwa wenyeji, na kilichoweza kuruhusiwa kibiashara kilikuwa gumegume laini na baruti ya kawaida. Mzungu aliyekuja na kibali alibeba atakacho. Fundi wa Kimakua au wa Kiyao, ambaye aliijua njia ya tembo kuliko huyo Mzungu, alifungwa kisheria kwenye teknolojia ya babu yake. Miaka sita baadaye gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji ya mwaka 1896 iliyodai vibali na kutenga mapori ya kwanza ya hifadhi, mojawapo huko Rufiji. Kwa hiyo mtu aliyebaki na gobori alibaki pia na swali la kama anaruhusiwa kulifyatua.

Babu yangu mzaa mama aliwinda kwa gobori kabla hajaajiriwa na Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori. Baruti waliipima kwa vidole: ukiisha kushindilia, unasimamisha mdeki ndani ya mtutu na kuangalia umebaki nje kiasi gani. Kwa swala vidole vichache, kwa tembo vingi zaidi, na hapo ndipo ujasiri ulipoingia kwenye hesabu, maana hakuna aliyejua kwa hakika mtutu wa zamani utavumilia vingapi. Gobori linasukuma kama abiria mnene kwenye daladala linalofunga breki: halikugongi kwa ghafla, linakuondoa tu mahali ulipokuwa. Baruti nyeusi huwaka polepole na hutoa moshi mzito, hivyo fundi alifyatua, akasukumwa, akapoteza kuona, na akawa hana risasi nyingine ila kwa kazi ya kushindilia upya. Ndiyo maana walisogea karibu sana, hatua chache kutoka kwa mnyama, wakachagua kwanza mti wa kukimbilia ndipo wakachagua tembo. Babu alinisimulia habari za miti kuliko habari za tembo.

Wazungu waliokuja kabla ya baruti isiyo na moshi hawakuwa na dawa bora. Walichokuwa nacho ni ukubwa. Waingereza walipima tundu la mtutu kwa ratili ya madini ya risasi: ratili moja ikitoa risasi nne za mviringo za kuenea tundu, hiyo ni bunduki namba 4, ikitoa nane, namba 8. Namba ndogo, tundu kubwa. Risasi ya namba 4 ina gramu 113 hivi, uzito ambao leo ungetosha kutengeneza vichwa kumi vya risasi za jeshi. Walikuwa na sababu. Baruti nyeusi ina mwisho wa kasi inayoweza kutoa, na risasi laini hubonyea ikikutana na mfupa. Usipoweza kuongeza kasi, unaongeza uzito, na kila gramu unayoituma mbele unalipa kwa bega.

Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki moja ya Holland yenye uzito wa kilo 9 hivi, inayorusha kombora la nusu ratili. Wenzake waliosema Kiarabu waliiita mtoto wa mzinga. Baker alikuwa pande la mtu, na bado aliandika bila haya kwamba aliogopa kuifyatua, kwa sababu ilimzungusha mahali alipo. Aliitumia mara chache sana. Nampenda kwa ukweli huo. Wengi waliokuja baada yake waliandika vitabu ambamo hakuna bega hata moja lililouma.

Frederick Selous ndiye shahidi bora zaidi. Alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa na miaka 19, akanunua bunduki rahisi namba 4 zilizotengenezwa Birmingham, za kujazwa mdomoni, zenye uzito usiofika kilo 6. Ona hapo tatizo: bunduki ya Baker ilikuwa na kilo 9 za chuma na mti za kupunguza msukumo, ya Selous ilikuwa nyepesi, huku akiijaza baruti kwa konzi. Aliua tembo wengi kwa silaha hizo. Siku moja aliyembebea bunduki aliijaza mara mbili bila kujua, na ilipolipuka ilimwinua Selous kutoka ardhini, ikamchana shavu na kupaa nyuma yake. Lakini jambo ninalowasomea wanafunzi si ajali hiyo. Ni lile alilolikiri baadaye, kwamba bunduki zile ziliharibu mishipa yake ya fahamu, kiasi kwamba hata alipopata bunduki nyepesi na nzuri bado alikuwa akishtuka kabla ya mlio. Mtu yuleyule aliyekuja kusifika kuliko wawindaji wote wa zama zake alibeba hofu ya bega maisha yake yote. Aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, kwa risasi ya mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani, na kaburi lake liko palepale, katika pori lililobeba jina lake tangu 1922 mpaka sehemu kubwa ya kaskazini ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Mapinduzi yalitoka maabara ya Ufaransa. Baruti isiyo na moshi iliingia jeshini mwao mwaka 1886 pamoja na bunduki ya Lebel yenye kaliba ya milimita 8. Waingereza wakafuata na .303 mwaka 1888, ambayo miaka michache baadaye ilipewa baruti mpya ya kodaiti. Kwa ghafla, kichwa cha risasi chembamba kilichovikwa gamba la chuma kiliweza kwenda mita 600 na zaidi kwa sekunde, na kikapenya mfupa bila kubonyea. Wenye viwanda vya bunduki za kuwindia wakaitia baruti hiyo kwenye maganda makubwa: John Rigby wa London akatoa .450 mwaka 1898, kichwa cha gramu 31 kwa mita 655 hivi kwa sekunde. Bunduki ya midomo miwili, kilo 5, iliyoweza kupigwa mara mbili upesi bila kuitoa begani. Baada yake zikaja .577 na .600, hii ya mwisho inarusha gramu 58. Ukizidisha uzito wa kichwa kwa kasi yake, .600 inasukuma takribani mara nne ya .303 ya mwanzo, na ndiyo maana bunduki yenyewe ilifika kilo 7. Kuibeba kutwa kwenye jua la Rufiji ilikuwa kazi ya mtu mwingine, bila shaka. Mwenye bunduki alitembea na fimbo.

Mwaka huohuo wa 1898, pale Tsavo, mhandisi wa reli J. H. Patterson alikuwa akihangaika na simba wawili waliokula wajenzi. Aliwahi kuazima bunduki yenye nguvu zaidi kuliko yake, simba akajitokeza waziwazi, akafyatua, na bunduki ikabana kimya bila kulipuka. Desemba ilipofika aliwamaliza wote wawili, na .303 ya kawaida ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi. Nguvu iliyoandikwa kwenye ganda haina faida kama ganda halilipuki.

Halafu sheria ikaingia tena, safari hii kwa Wazungu wenyewe. Bunduki za Martini-Henry za jeshi la Uingereza zilikuwa za kaliba ya .450, na nyingi zilikuwa zimetawanyika mikononi mwa watu ambao serikali haikuwataka wawe nazo. Kwa kuhofia kwamba vichwa vya risasi za kuwindia vingetumika ndani ya Martini hizo, mwaka 1907 serikali ilizuia .450 isiingizwe India na Sudan. Viwanda vikakimbilia kaliba za jirani: .465, .470, .475, .476. Msomaji wa leo anayeona msururu huo wa namba anaweza kudhani kila moja ilibuniwa baada ya utafiti wa kina juu ya fuvu la tembo. Ilikuwa ni kukwepa afisa wa forodha wa Bombay na Khartoum. Tembo mwenyewe asingejua tofauti kati ya .450 na .470, wala bega lisingejua.

Hapo ndipo anapoingia W. D. M. Bell, na hapo mabishano ya kambini hupamba moto.

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880 na alifika Mombasa akiwa kijana mdogo, wakati wa ujenzi wa reli, akafanya kazi ya kuwalinda watu dhidi ya simba akiwa na .303 ya risasi moja moja. Baada ya Vita vya Makaburu alirudi, akapanda kupitia Mumias kwenda Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda ya leo, ambako wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wameshafungua njia za pembe kabla yake. Kwa jumla aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Wengi wao, zaidi ya 800, aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, ile Mauser ya mwaka 1892 ambayo Rigby aliiuza kwa jina la .275. Kichwa chake kilikuwa na gramu 11. Wenzake walikuwa wakirusha gramu 31, 48, 58.

Alifanyaje? Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno katikati, akatazama ubongo uko wapi. Uko nyuma sana, kati ya masikio, ukizungukwa na mfupa wenye vyumba vyumba mithili ya sega. Mtu asiyejua hupiga paji la uso, risasi ikapotea kwenye mfupa huo wa hewa, tembo akatikisa kichwa na kuja. Bell alijifunza kuona ubongo kutoka kila pembe, hata kutoka nyuma kwa mshazari. Kisha alichagua risasi ndefu na nyembamba, yenye gamba gumu la kijeshi lisilofunguka, kwa sababu risasi ndefu kulinganisha na unene wake hunyooka ndani ya mfupa wakati risasi fupi nene hupinda. Kisha alifanya mazoezi bila risasi: aliinua bunduki, akalenga, akafyatua tupu, tena na tena, hata akiwa matembezini, mpaka bunduki ikawa kidole chake. Na Mauser ile haikumsukuma kiasi cha kumtisha, hivyo alipofyatua kwa kweli mwili wake haukujua tofauti na mazoezi.

Vijana wakisikia hayo husema: basi kaliba ndogo inatosha. Hapana. Karamoja ya wakati ule ilikuwa nchi ya wazi, nyasi fupi, na tembo ambao hawajasumbuliwa sana na bunduki. Bell aliweza kuchagua pembe, kungoja, na kuacha. Mlete kwenye matete ya Kilombero mwezi wa nne, ambako unamsikia tembo tumboni kabla hujamwona, na anapojitokeza ana kifua tu au sikio tu, na hatua zenu ni kumi. Pale huchagui ubongo. Unataka kitu kitakachomsimamisha au kumgeuza hata ukikosea kwa shibiri moja. Bell mwenyewe alifanya kazi ya mpasuaji; askari anayetumwa kufukuza tembo kwenye shamba la mihogo usiku anafanya kazi nyingine kabisa. Kinachonikera ni kwamba wapenzi wa bunduki kubwa na wapenzi wa bunduki ndogo wote humtaja Bell, na wote huacha lile fuvu na ule msumeno.

Kama hoja ni nguvu tu, tuwataje Waata wa nyika ya Tsavo, ambao hawakuhitaji hata baruti. Pinde zao zilivutwa kwa nguvu ya ratili 100 na zaidi, uzito wa gunia dogo, na mishale ilipakwa sumu ya msunguti. Waliua tembo kimya kimya hadi kampeni ya kupambana na ujangili ya miaka ya 1950 ilipowafunga wengi wao. Mvuta upinde wa namna ile analipa kabla ya kuachia. Mwenye bunduki analipa baada ya kufyatua. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa hofu, kwa sababu malipo ya baadaye yana muda wa kufikiriwa.

Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza walianzisha idara ya wanyamapori Tanganyika mwaka 1919, chini ya C. F. M. Swynnerton, na kazi yake moja kubwa kusini ikawa kulinda mashamba dhidi ya tembo. Bunduki za midomo miwili zilikuwa za ghali mno kupewa maaskari, hivyo serikali za kikoloni ziliegemea .404 ya Jeffery, bunduki ya mdomo mmoja yenye mtambo wa Mauser. Gramu 26, mita 648 kwa sekunde. Haikuwa bunduki ya kujisifia hotelini Nairobi. Mimi naihesabu kuwa kaliba ya busara kuliko zote zilizowahi kuja kwetu: nzito ya kutosha kwa tembo wa matete, na mtu wa kilo 60 aliweza kuipiga mara tano mfululizo na bado akafungua macho kwenye ya tano. Babu alipewa hiyo. Alipoizoea aliliweka gobori darini na hakuligusa tena, ingawa alikataa kuliuza.

Namna ya kuipokea bunduki begani aliyonifundisha yeye ndiyo niliyowafundisha wengine, na sijaona kitabu kilichoipita. Mguu wa kushoto mbele, goti limelegea kidogo, kifua kimeegemea mbele, kitako kimekaa kwenye shimo la bega na si juu ya mtulinga. Mkono wa kushoto ushike kweli. Wengi huuacha uwe kitanda cha kulalia mtutu, na bunduki ikaruka. Bunduki kubwa ipigwe umesimama, mwili uende nayo. Ukilala kifudifudi mwili hauna pa kwenda, na msukumo wote unabaki mfupani. Kwenye midomo miwili usitie vidole viwili kwenye vifyatulio viwili, maana ukisukumwa na wa kwanza kidole cha pili kitavuta chenyewe. Yenye darubini iwekwe mbali na nyusi. Nimewashona nyusi watu wenye vyeo.

Lakini mkao ni nusu. Nusu nyingine ni kule kushtuka kwa Selous, na huko hakuonekani kwa macho kwa sababu mlipuko unakuficha. Mwanafunzi anafumba jicho na kuvuta bega mbele robo ya sekunde kabla ya mlio, risasi inakwenda chini kushoto, naye anaapa bunduki ni mbovu. Dawa ni kumchanganyia risasi. Unamjazia wewe, yeye hatazami, na katikati ya zile za kweli unaweka moja isiyo na baruti. Akiifikia hiyo, kidole kinavuta, hakuna mlio, na bunduki yote inapiga kichwa chini mbele ya wenzake. Hakuna hotuba inayohitajika hapo. Anarudi kwenye bunduki ndogo, hata ya .22, maelfu ya risasi ikibidi, ndipo anapanda tena ngazi.

Wamarekani waliingia katika habari hii kwa mlango wao. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa ametoka tu urais. Kwao alikuwa mwindaji wa wapiti, yule kulungu mkubwa wa milimani wanayemwita elki, ambaye dume lake lina kilo 300 na ushei, mzito kuliko tandala na mwepesi kuliko pofu. Mwaka 1884 katika milima ya Bighorn, Wyoming, aliwawinda kwa Winchester ya kaliba .45-75. Kwetu alileta Winchester ya .405, bunduki ya jeshi ya kaliba .30, na ya midomo miwili ya Holland waliyomzawadia Waingereza. Macho yake yalikuwa mabovu, miwani ya akiba alijaza mifukoni, na aliipenda zaidi ile .405 kwa simba. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512.

Miaka mitatu baadaye, 1912, Holland & Holland walitoa .375. Ganda lake lilikuwa jembamba na la kuchongoka, na ili likae sawa ndani ya chemba walilivika mkanda wa shaba kwenye kitako. Kichwa cha gramu 19, mita 770 kwa sekunde: inafika mbali kwa pofu, inapenya tembo, na msukumo wake unavumilika. Viwanda vya Uingereza vilipoanza kuacha kutengeneza risasi kubwa katika miaka ya 1960, na maghala yetu yakakauka .404, kaliba ya Marekani ndiyo iliyoziba pengo, nayo ilikuwa mtoto wa .375: Winchester walichukua lile ganda la mkanda, wakalifupisha, wakatoa .458 mwaka 1956. Nilianzia hiyo. Ganda lilikuwa fupi kiasi kwamba baruti ilishindiliwa ikaganda, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto zilikuwa na sifa mbaya ya kutoka kivivu. Msukumo, hata hivyo, haukuwahi kuwa mvivu.

Ganda hilohilo lilizaa na ndugu wengine waliobaki Marekani: .338 ya mwaka 1958, milimita 7 ya Remington ya 1962, .300 ya Winchester ya 1963. Hizo leo ni bunduki za elki kule Colorado na Montana. Mkanda wa shaba bado uko kwenye kitako cha kila moja, ingawa kwa maganda yenye mabega mapana kama hayo hauna kazi tena. Mwindaji wa Montana anayesugua bega lake jioni baada ya kumpiga wapiti kwa .338 anauguza kilichochorwa London kwa ajili ya nyati wetu.

Baada ya kustaafu niliombwa mara kwa mara na kambi za uwindaji wa kitalii nisimamie upimaji wa bunduki za wageni siku wanapofika. Sheria yetu inataka .375 na kuendelea kwa wanyama wa hatari. Mgeni mmoja, mtu wa makamo, mpole, alikuja na .338 yake ya elki na hesabu zake kwenye karatasi, akanionyesha kwamba nguvu yake inakaribia kabisa ya .375. Hesabu zilikuwa sahihi. Nilimwambia sheria ile sikuitunga mimi, na kwamba anayetangulia mbele kwenye nyayo za nyati ni mfuatilia nyayo ambaye hana bunduki yoyote, kwa hiyo tunamwekea akiba.

Mdomoni mwa mtutu wake palikuwa na kizibo chenye matundu, cha kutupa gesi pembeni ili kupunguza msukumo. Kinafanya kazi kweli. Pia kinawapasua masikio waliosimama ubavuni, na wafuatilia nyayo walishaanza kusogea nyuma alipochukua nafasi. Nikamwomba akifungue. Alipopiga bila kizibo, risasi tatu zilitawanyika upana wa sinia. Nikamchanganyia moja tupu, mtutu ukainama, akacheka yeye wa kwanza. Tukampa .375 ya kambi, kuukuu, nzito kuliko yake kwa karibu kilo nzima, na kwa uzito huo ikamgonga kidogo kuliko alivyotegemea. Asubuhi mbili alirudia kuinua na kufyatua tupu nyuma ya jiko, mpishi akimhesabia kwa sauti. Tandala alimpiga kwa .338 yake, kizibo kikiwa mfukoni. Nyati alimpiga kwa .375, risasi ya kwanza begani, ya pili kabla hajafika kwenye matete.